Barua ya Wazi kwa Wajumbe, Kwa Ajili ya Mjumbe

Waheshimiwa Wajumbe wa kamati za kupandisha vyeo, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia,

Baada ya salamu na taadhima iwastahikiyo, mimi mtu wa mbali niliyechanjwa begani mara mbili nimeona ni utovu wa adabu kunyamaza bila ya kuwashukuru kwa malezi mliyompa mwanabiokemia Katalin Karikó.

Binti huyo wa muuza nyama wa Hungaria aliingia Marekani mwaka 1985 na mumewe na mtoto wao, akiba yao imeshonewa tumboni mwa mwanasesere dubu. Na alipofika kwenu mwaka 1989 alikuwa ameshikwa na fikra moja tu, kwamba RNA-mjumbe, ile iyachukuayo maagizo ya jeni na kuyafikisha panapoundwa protini za seli, yaweza kutumwa mwilini ikawa dawa. Fikra ilikuwa nzuri, walakini haikuleta ruzuku. Nanyi kwa busara yenu mlijua kwamba elimu isiyo na ruzuku ni ng'ombe asiyekamuliwa, hata akiwa na mimba. Mwaka 1995 akakhiyarishwa: aondoke, ama ashuke cheo. Akashuka. Ajabu ni kwamba wajumbe hawakumtambua mjumbe.

Kisha mwaka 1997 alikutana na mtaalamu wa kinga ya mwili Drew Weissman penye mashine ya kunakili karatasi, wakaanza kuzungumza. Mashine ile, ambayo sidhani kama imewahi kupandishwa cheo, ndiyo iliyowakutanisha mabingwa wawili ambao vikao vyenu vyote havikuwakutanisha. Na mwaka 2005 wakatangaza kwamba uridini, herufi mojawapo ya RNA, ikibadilishwa kwa pseudouridini, askari wa mwili humwacha mgeni apite bila ya kumpigia mbiu ya vita. Dunia haikubisha hodi.

Lakini lililonistaajabisha kupita yote ni kile kipimo mlichompimia, cha dola za ruzuku kwa kila futi ya mraba ya maabara. Wenye maghala ya karafuu Unguja, watu wa hesabu kali, walipima magunia. Kumpima mwanachuoni kwa nafasi anayoikalia hakukuwapitikia, na hiyo ndiyo tofauti ya biashara na elimu ya juu. Mwaka 2013 akakuta vyombo vyake vimetolewa ushorobani, akenda zake kampuni ya BioNTech, Ujerumani. Uprofesa akaja kupewa na chuo kikuu cha Szeged, mji aliosomea.

Yaliyofuata mwayajua: maradhi ya korona ya 2020, chanjo za RNA-mjumbe, na Tuzo ya Nobel ya 2023 kwake na kwa Weissman, siku ambayo chuo kilimpokea kwa vigelegele na kumhesabu wa nyumbani. Hataza za chuo juu ya ugunduzi wao nazo, alhamdulillahi, hazikuwahi kushushwa cheo.

Ombi langu ni jepesi. Nifanyieni hisani ya kuniletea orodha ya mliowashusha vyeo mwaka huu, nipate kuanza mapema kuwaandikia barua za hongera, kwani mwendo wa posta yetu mwaujua.

Wasalaam,
Wenu mtiifu, Mchanjwa