Mwenyekiti na Mwenye Viti

Ukiandaa sikukuu ya kumbukumbu, usianze na wafu. Anza na viti. Wafu wamezoea kungoja. Viti vya plastiki havingoji, maana Jumamosi hiyohiyo kuna harusi Kanyenkoko, na aliyetangulia kulipa ndiye mwenye sherehe. Wageni katika kazi hii hukimbilia kumchagua mwenyekiti wa kamati wakamsahau mwenye viti. Ni watu wawili, na mkubwa ni huyo wa pili. Mwenyekiti ana cheo, mwenye viti ana daftari. Humo kila kiti kimeandikwa: kimetoka saa ngapi, kimebebwa na nani, kina ufa au hakina. Nimekuwa katibu wa kamati hapa Rumonge, Burundi, mara tatu, na mara zote tatu andiko pekee lililosalia baada ya sherehe ni daftari hilo.

Tarehe haitakusumbua, serikali imekwisha kukupangia. 5 Februari ni Umoja, kwa ajili ya mkataba wa 1991. 6 Aprili ni Rais Ntaryamira, 8 Juni ni Rais Nkurunziza, 21 Oktoba ni Rais Ndadaye, aliyeuawa na wanajeshi mwaka 1993 baada ya kama siku mia moja madarakani. 13 Oktoba ni Mwanamfalme Rwagasore, aliyepigwa risasi mwaka 1961 akiwa hotelini Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kando ya ziwa hilihili la Tanganyika, chama chake hakijamaliza hata mwezi tangu kishinde uchaguzi. 1 Julai ni Uhuru, na hiyo ndiyo watoto huipenda, maana mtu anaruhusiwa kucheka tangu asubuhi.

Tarehe haibadiliki, ila mwezi ndio utakaokuambia utapata watu wa namna gani. Ikiangukia siku za giza, wavuvi wako majini usiku kucha na taa zao wakivua ndagala. Asubuhi watakuja na pesa mfukoni na usingizi machoni, na watakoroma kabla msemaji wa kwanza hajamaliza kuwataja waheshimiwa. Ikiangukia mbalamwezi, ndagala hawana haja na taa ya mtu, kwa hiyo wavuvi wamelala majumbani, wako macho, wamenyoa, na hawana hata faranga mia. Mwenye akili huchangisha gizani na kusherehekea mwezi ukiwa mpevu.

Sasa alika. Shefu wa kolini umwendee kwa miguu, administrata wa komini kwa barua, gavana kwa barua na subira. Tangu mikoa ipunguzwe kutoka 18 hadi 5 na Rumonge iingie Burunga, gavana ana vilima vingi zaidi vya kufika, hivyo kwenye ratiba andika saa tatu, kichwani weka saa tano, na wanafunzi uwapange juani saa moja na nusu. Protokoli haikamiliki bila mtoto mmoja kuzimia. Sheikh na padri wakae mbali kidogo, si kwa ugomvi, bali kila mmoja apate meza yake ya fanta.

Jenereta litahitaji petroli. Hapa ndipo utakapoelewa mji wetu: mafuta yamejaa kila kona, mekundu, ndani ya bidoni za lita ishirini, na yote ni mawese. Jenereta halijajifunza kula mawese. Wiki mbili kabla, mtafute kijana anayemjua mtu anayemjua mwenye petroli, na usiulize imetoka wapi.

Ngoma nazo zina sheria. Tangu amri ya 2017, wapigaji lazima wasajiliwe, kibali kipatikane, ada ilipwe, na mwanamke asiiguse ngoma ya heshima. Shangazi zetu, waliokuwa wakipiga chochote chenye mdomo na tumbo, siku hizi hupiga beseni jikoni. Beseni halimo kwenye amri. Ukisikia mdundo mzuri kuliko ule wa uwanjani, unatoka huko, pamoja na harufu ya samaki mukeke wa kuchoma.

Hotuba ziwe kwa Kirundi, takwimu kwa Kifaransa, dua kwa Kiarabu. Ukimsikia mtu ameshika kipaza sauti anasema Kiswahili, ujue kuna gari limeziba njia. Halafu defile: walimu, waganga, wakamua mawese, wavuvi na samaki wao mkubwa waliyemwazima kwa mchuuzi na wanayetakiwa kumrudisha kabla hajalegea.

Sehemu ngumu ni dakika moja ya kimya. Hakuna aliyewahi kuimaliza. Kwetu hufika sekunde ishirini, mbuzi akalia, msema-chochote akasema "asanteni", watu wakakaa. Uingereza vijijini, 11 Novemba, saa tano kamili, watu husimama dakika mbili nzima, mvua inawanyeshea, mbele ya msalaba wa jiwe ulio katikati ya kijiji. Nimeona picha zake. Kilichonishangaza si kimya chao, ni jiwe: limejaa majina. Si ya majenerali. Ni ya mtoto wa muuza mikate, ndugu wawili wa nyumba moja, kijana wa shamba, wote waliokwenda vita vya 1914 hadi 1918 wasirudi, wamepangwa kwa alfabeti kama daftari la viti.

Vita hivyohivyo vilipita hapa. Wabelgiji waliingia Usumbura Juni 1916, na kila jeshi lililopita lilipita juu ya mabega ya wapagazi. Tafuta jiwe lao mwambao wote huu. Utakalolipata ni moja, njia ya Bujumbura, pale Mugere, nalo linasema Livingstone na Stanley, 25-XI-1871. Walilala siku mbili. Tumelala hapa miaka yote hii na hatuna hata kigingi.

Meli ilipata bahati nzuri kuliko watu. Graf von Götzen, Wajerumani waliipaka grisi mitambo yake wakaizamisha wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916, isije ikatekwa. Mwaka 1924 ikafukuliwa, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka minane majini, ikatolewa ikiwa na afya. Mifupa ya watu wetu waliouawa mwaka 1972 ilianza kufukuliwa kwa wingi Karusi Januari 2020, baada ya miaka 48: zaidi ya watu 6,000 katika makaburi sita, na wengine wakatambuliwa kwa miwani au kwa rozari. Hao hakuna aliyewapaka grisi.

Basi tumeifikia tarehe ambayo mwongozo huu unakuomba uizunguke kwa mbali. 29 Aprili haimo kwenye orodha ya sikukuu. Jioni ya Jumamosi hiyo, mwaka 1972, waasi walianzia hapa Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua, na wengi wa waliouawa walikuwa Watutsi. Kisha jeshi likajibu, na jibu lake likachukua miezi, nchi nzima, likiwazoa Wahutu: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara, yeyote aliyejua kusoma orodha iliyokuwa na jina lake. Warundi wanaita Ikiza. Wapo wanaokadiria waliokufa ni laki moja, wapo wanaosema laki tatu. Tazama pengo hilo: watu laki mbili hawajulikani kama walikufa au hawakufa. Mwenye viti angekataa kupokea hesabu ya namna hiyo kwa benchi moja.

Kwa miaka mingi, watu wa upande mmoja walililia ndani ya shuka. Zamani hizo zikapita, vilio vikapokezana zamu. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitamka kuwa yale ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu, na wengine wakauliza mbona zile siku za kwanza za Rumonge zimesomwa haraka hivyo. Kwa hiyo, ndugu mwandaaji, kabla hujakodi spika nenda uulize kwa adabu: mwaka huu tunamlilia nani?

Angalia pia nani anakaa na nani. Waliovuka ziwa mwaka ule na kukulia Ulyankulu, Katumba na Mishamo, huko Tanzania, wakirudi walikuta mtu mwingine anakata mikungu ya michikichi. Usiwaweke wawili hao chini ya mchikichi mmoja, hata kama ndio wenye kivuli peke yake uwanjani. Kila mmoja atakumbuka kwamba baba yake ndiye aliyeupanda, na huenda wote wawili wanasema kweli.

Mwisho, rudisha viti. Mwaka jana vilitoka 60, jioni nikahesabu 58. Mwenye viti akanikabidhi daftari na tochi, nikazunguka nyumba kwa nyumba mpaka kwa bibi mmoja karibu na maji, ambaye hakuja uwanjani kwa sababu, alisema, miguu. Alikuwa uani anapepeta ndagala wakavu, kiti kimoja amekikalia, cha pili kitupu ubavuni pake.

"Shikamoo, bibi. Nimefuata viti."

"Marahaba. Kaa kwanza, mjukuu wangu."

Nikakaa. Akaanza kunihesabia njia ile ya ziwani kama ilivyokuwa, nyumba moja baada ya nyingine, akinyoosha ungo: hapa fundi cherehani na wanawe watatu, pale muuza chumvi, kona ile mwenye baiskeli ya kwanza, ng'ambo mwalimu na mkewe aliyekuwa mjamzito. Kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Hakutaja kabila la mtu. Mbuzi walilia, hakuna aliyesema "asanteni".

Viti nilivirudisha kesho yake, nikatozwa faini. Mwenye viti alilalamika pia kwamba daftari lake limeandikwa nyuma, kurasa nne, majina ya watu ambao hawakukodi kitu.