Bado Tuko Kyaka

Wanajeshi wetu waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Tangu Idi Amin avuke mpaka wa Kagera hadi siku hiyo haikufika hata miezi sita. Mimi na jeshi langu bado tuko Kyaka, na wala hakuna Amin anayetuzuia. Anayetuzuia ni dada wa kazi na kitambaa chake cha kufutia vumbi.

Kwa asiyejua, wapo watu wazima, wenye ndevu na mikopo, wanaojenga vita mezani. Mtu ananunua kifaru cha plastiki kilicholala kwenye boksi vipande vipande, anakigandisha, anakipaka rangi nzuri, halafu anakesha akiichafua ile rangi nzuri kwa matope ya uongo. Akimaliza anakiweka barabarani, barabara yenyewe ya puti ya ukutani, na pembeni anasimamisha askari wenye kimo cha kidole. Mambo hayo huitwa dayorama. Nyumbani kwangu Mbezi Beach huitwa "yale ya baba", kwa sauti ileile inayotumika kutajia ugonjwa usiopona.

Kipimo kinachopendwa ni 1 kwa 35. Ukisikia 35 utadhani kuna profesa aliyekaa akafikiri. Hakuna. Kampuni ya Tamiya ya Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitengeneza Panther, kifaru cha Wajerumani, ikakikadiria ukubwa ili mota na betri vienee tumboni. Walipokuja kupiga hesabu wakakuta ni kama 1 kwa 35, na dunia ikafuata. Kwa hiyo hata mimi huku karibu na Afrikana, ninayetaka tu kujenga Type 59, vile vifaru vyetu vilivyotoka China, natawaliwa na betri za Wajapani. Mwili wa kifaru wenye mita sita unakuwa sentimita 17. Hapo sina neno. Lakini barabara ya mita 100 inakuwa karibu mita tatu, na meza yetu ya chakula ina watu wanaotaka kulia ugali juu yake.

Ndiyo maana nikachagua daraja la Kyaka, tena kipande tu. Mwanzoni mwa Novemba 1978 ndege za Amin zilijaribu kulibomoa zikakosa. Ikabidi atafutwe mtaalamu wa baruti kutoka machimbo ya Kilembe ndipo likaenda majini. Nikajenga upande wetu wa mto Kagera: nguzo imesimama, sakafu imekatika, vyuma vimepinda kuelekea chini. Kupinda chuma cha plastiki kwa moto wa mshumaa bila kukiyeyusha ni kazi ya kubana pumzi. Siku moja narudi kutoka kazini nakuta daraja limelala chali. Nikamwita dada. Akalitazama kwa utulivu mkubwa, akasema, "Baba, mbona mimi nililikuta limeshavunjika?"

Utamjibu nini?

Tuje kwenye hali ya hewa. Wenzetu wa Ulaya wanafanya kazi hii kwenye vyumba vikavu, taa inawaka, hakuna jasho linalodondokea mnara wa kifaru. Hapa ukiwasha pangaboi, bunduki zinaruka. Bunduki ya kipimo hiki ina urefu wa sentimita mbili na ushee, na ikishatua kwenye zulia imeenda. Utaipata siku mtoto atakapoikanyaga. Ukizima pangaboi, mikono inatoa maji na rangi inagoma kushika. Na umeme nao ukiamua kukatika, hukatika pale pale kompresa ya kupulizia rangi inapoanza kunguruma, yaani rangi nusu iko kwenye kifaru na nusu iko hewani inaelekea kwenye pazia la mke wangu, Mama Neema.

Kitu kimoja tu tumejaliwa: kutu. Huko ng'ambo watu wananunua kutu ya chupa, kwa fedha za kigeni, wapake vifaru vyao vionekane vimechakaa. Mimi natoka na kisu hadi getini. Kwa upepo huu wa chumvi geti langu linatoa kutu ya kila rangi, ya chungwa, ya kahawia, ya zambarau, naikwangua kwenye kifuniko cha chupa na kuisaga. Ni kutu halisi, bure, wala haiishi. Tatizo ni kwamba chumvi hiyohiyo inakula nyembe zangu, vibano vyangu na spreya yangu. Fundi rangi wa magari wa Tangi Bovu, ambaye hunichanganyia kijani cha jeshi, bado anaamini nina Land Rover mahali fulani nimeificha.

Rangi ya ngozi ndiyo inayonipandisha presha. Kopo linaandikwa kwamba hii ni rangi ya mwili wa binadamu. Unafungua, unakuta rangi ya waridi iliyopauka, mwili wa mtu aliyekaa kwenye theluji tangu Krismasi. Na sura nazo! Sijawahi kuona boksi lenye askari wa JWTZ wa mwaka 1978. Nanunua Wajerumani na Warusi, nawakwangua pua kwa wembe, nawajazia midomo kwa puti kwa ncha ya kijiti cha meno, nawapaka kahawia niliyochanganya mwenyewe, kisha nawavalisha kombati. Hapo ndipo jirani mmoja mwenye utani wa kero akaniletea habari ya Agosti 2023, jeshi lilipotoa siku saba kwa raia wenye nguo zinazofanana na za kijeshi wazisalimishe. Akaniuliza kama vijana wangu wameshaenda kuvua.

Ofisi ya vifurushi niliyokwenda, ambayo siitaji, haikuwa na utani. Boksi nililofuata lina picha ya kifaru kinachotema moto. Ofisa akalizungusha, akalitikisa, vipande vikalia ndani. "Hii ni zana ya kivita?" Nikamwambia ni ya kuchezea. Akanitazama mvi. "Ya mtoto gani?" Ningesema ya kwangu ningezua maswali mengine, kwa hiyo nikamtaja mwanangu, binti wa chuo asiyejua kifaru wala faru.

Udongo nao una kesi yake. Mchanga wa pwani yetu haufai hata kidogo. Punje ya milimita moja kwa kipimo hiki ni jiwe la sentimita tatu na nusu, askari wangu wangetembea juu ya kokoto za ujenzi. Tena ni mweupe, na Kagera ni nyekundu. Nikamwomba shemeji aliyekuwa Bukoba anitumie kilo mbili kwa basi. Nikaenda kuuchukua stendi, wakala akafungua mfuko, akanusa, akawaita wenzake. Nikalipia mzigo wangu huku watu wakinipa nafasi kubwa ya kupita. Ukijumlisha udongo mwekundu wa mbali, sanamu ndogo za watu kabatini na mwanamume anayewasha mshumaa usiku wa manane, hata mimi ningejihama.

Yote hayo ningeyavumilia kama si mzee wa nyumba ya tatu. Mzee huyu alipigana vita ile kwa miguu yake. Alikuja siku moja, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akainama juu ya meza na miwani mkononi. Nilidhani atalia. Akauliza, "Sasa hawa wanakula nini?"

Nikamwonyesha kifaru. Nikamwonyesha kile nilichokuwa najivunia kuliko vyote, roketi za BM-21 ambazo Waganda walizipa jina la Saba Saba: mitutu 40 nyuma ya lori, nimeikata mmoja mmoja kutoka kwenye mirija ya juisi za boksi, baada ya ugomvi na dada aliyekuwa akiitupa. Hakuitazama mara mbili.

"Kijana, sisi tulitembea. Kutoka huko mpaka Kampala, wengi wetu kwa miguu. Askari wako hana mzigo. Mgongoni hana kitu, kichwani hana kitu. Na sufuria iko wapi? Jeshi bila sufuria linakwenda wapi?"

Tangu hapo nimekuwa fundi sufuria. Maduka ya fani hii yanauza madumu ya mafuta ya Wajerumani, mikate na hata chupa za mvinyo wa Kifaransa za kumwaga kwenye vifusi. Sufuria hakuna. Ya kupikia ugali wa watu kumi, yenye kipenyo cha sentimita 40, kwangu inakuwa milimita 11. Naikandamiza karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwenye kitako cha kalamu, naizungusha kwa ukucha mpaka ule ukingo wa juu ulale bapa kama inavyotakiwa, naichomoa kwa kibano. Nyingi zinachanika ukingoni. Ikitoka nzima, naipitisha juu ya moshi wa mshumaa, chini tu, ishike masizi. Mwiko nauchonga kutoka kijiti cha kiberiti. Mzee akaja kukagua. Akasema masizi hayatoshi, kuni zilikuwa mbichi.

Kwa hiyo nina ombi. Msomaji mwenye picha ya wakati ule, ya Kyaka, Mutukula au Bukoba, ambayo askari wetu wameonekana hata kwa bahati mbaya nyuma ya bibi harusi, naomba aipeleke kwa mhariri. Nitaitazama na kuirudisha ikiwa salama. Ya rangi itanifaa zaidi. Vifaru nimeshavijua vya kutosha. Ninachotaka kuona ni sufuria walizibebaje.