Gramu 750 za Mbezi Luis

Uso bado unaniwaka. Jana jioni mwenye duka la nafaka alinitimua mbele ya akina mama waliofuata unga, kisa nilimwomba aniwekee kopo langu kwenye mizani yake. Kopo la nyanya, limejaa mchanga na nati za baiskeli, katikati limetobolewa. "Wewe ni mtu wa vipimo!" akafoka, na mizani ikaingia chini ya kaunta haraka kuliko nilivyotoka mlangoni.

Mimi si mtu wa vipimo. Mpwa wangu amekuja likizo kutoka Nairobi, anakocheza upanga, ule wa Olimpiki aliouchezea Alexandra Ndolo wa Kenya kule Paris mwaka 2024, na nyaya za upanga wake zimekatika. Fundi wa kitu hicho hapa Mbezi Luis utamtoa wapi? "Mjomba, tutengeneze wenyewe," akasema.

Upanga huo, jamani, una akili. Bapa lina mfereji mwembamba kutoka mpinini hadi nchani, na ndani yake zimelala nyaya mbili nyembamba kama uzi wa cherehani. Nchani kuna kitufe chenye springi. Ukimgusa mwenzio kitufe kinazama, nyaya zinakutana, taa inawaka. Kulaza waya kwenyewe kuna siri: unaufunga upanga kwa kamba hadi uwe upinde, mfereji ukae mgongoni, ili waya ukivutwa ujizamishe wenyewe, ndipo unadondoshea gundi. Gundi ya zamani tuliilainisha kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, tukaikwangua kwa spoku ya baiskeli niliyoinoa barazani. Lakini springi nayo ina mtihani wake: mwamuzi anausimamisha upanga, anatua gramu 750 juu ya kitufe, na springi isipozinyanyua, upanga umekataliwa.

Basi nitafutie gramu 750 Mbezi Luis! Duka la jirani lilisema kopo limetimia. La ng'ambo ya barabara likasema 820. Buchani, kopo lile lile, mchanga haujaongezeka hata punje: 900. Kwa hesabu hiyo, kilo yangu ya nyama ya kila Jumapili ni gramu 833, mfupa ukiwemo. Tulipotumia maji, nusu ya chupa ya lita moja na nusu upande mmoja wa henga, kopo na chupa tupu upande wa pili, kopo likapaa. Hata jirani yangu, ninayemsalimia kila asubuhi!

Mwaka 1976 kule Montreal, Boris Onishchenko wa Sovieti alificha swichi kwenye mpini wa upanga wake, taa ikawa inawaka bila kumgusa mtu. Alifukuzwa mashindanoni. Huku kwetu mwenye swichi kwenye mizani anaitwa tajiri, na anayefukuzwa ni mwenye kopo.

Gundi ilinigandisha kidole gumba na meza; tuliachanishwa kwa wembe.

Mke wangu anaitafuta dawa yake ya kucha.

Leo stendi, mgambo walitaka kujua upanga unakwenda Nairobi kumfanya nini nani, maana jiji hili halijawasahau vijana wa Panya Road na mapanga yao. Mpwa akaunganisha betri, akabonyeza ncha, taa ikawaka. Basi lilichelewa kuondoka, kwa sababu kila mgambo alitaka kubonyeza.