Kundi Halioni Shimo

Wanaosifu kuendesha baiskeli kwa kundi walijifunzia kwenye lami. Huko sifa hizo zina msingi: anayetangulia anakata upepo, na wanaomfuata wanateleza kwa jasho la mwenzao. Walete Lubumbashi mwezi wa nane, kwenye njia za vumbi na changarawe zinazochepuka kutoka barabara ya Kasenga, wakati mvua imesahaulika kwa miezi, halafu tuone. Anayetangulia anatimua vumbi jekundu, na walio nyuma wanagawiwa kwa foleni. Wa pili analiona shimo kwa shida, wa tatu analisikia, wa nne anaarifiwa na makalio yake. Ndiyo maana nashikilia kwamba mikasa mingi ya misafara hii inatokana na kundi zaidi kuliko barabara, na kwamba waliopata dawa yake ni watu ambao hakuna anayewahesabu kuwa waendesha baiskeli: wabeba makala, yaani mkaa.

Eneo hili linalouzia dunia kobalti ya magari ya umeme bado linasonga bukari, ugali wa huku, kwa makala, na mengi yake yanaingia mjini kwa kinga, yaani baiskeli. Itazame moja kwa karibu. Magunia yamerundikwa hadi kumzidi mwenyewe kimo, yamekazwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, na kwenye usukani imefungwa fimbo ndefu ya kushikia, maana usukani wenyewe haufikiki tena. Mtu anatembea ubavuni, anasukuma, na mwenzake yuko mbali kidogo, kwa sababu gunia likiporomoka halichagui jirani. Kwenye mpando ndipo wanapokaribiana: mmoja anaegesha yake, anasaidia ya mwenzake hadi juu, kisha wote wawili wanashuka kuifuata iliyobaki. Mfaransa Emmanuel Gras alifuatana na mmoja wao safari ya kilomita kama 50 hadi Kolwezi, na filamu yake, Makala, ikatuzwa Cannes mwaka 2017. Ni filamu ya baiskeli ambamo pedeli haina kazi kubwa.

Nitaambiwa hiyo ni kazi, tena ya kuvunja mgongo, si matembezi. Hakuna anayesukuma kwa kupenda. Kweli, na sitaki kumpamba mtu kwa maneno wakati anachohitaji ni bei nzuri ya gunia. Lakini ujuzi uliozaliwa na shida haupungui thamani kwa hilo. Mwaka 2023, kwenye mashindano ya Unbound Gravel huko Kansas, Marekani, tope lilizibana baiskeli za bei ya gari kuukuu hadi magurudumu yakagoma. Wenyewe wakashuka, wakazisukuma, wengine wakazibeba begani, wakikwangua tope kwa vijiti. Walikuwa wamelipa kiingilio.

Wengine watasema: ukienda peke yako na tairi likapasuka, nani atakuazima kiraka? Hoja nzito, ingawa tuifanyie hesabu. Watu kumi wana magurudumu ishirini. Pancha moja inasimamisha kumi na tisa yaliyo mazima. Papo hapo inapatikana pampu moja na mafundi tisa, kila mmoja akiwa na nadharia yake juu ya gundi. Hata hivyo sikatai kuwa na wenzako. Ninachokataa ni kubanana. Kiraka kinaweza kumfikia mtu kutoka mita hamsini nyuma, na aliye umbali huo analiona shimo kabla hajawa ndani yake. Kuhusu wanaouliza mbona Kenya tangu 2021 wanashindana kwa kundi kwenye changarawe, katika Migration Gravel Race huko Maasai Mara, jibu ni fupi: wanaoshindana wanaongea kidogo, macho yako njiani.

Wabeba makala wenyewe wanaithibitisha hoja yangu ya kutobanana wakishauza. Kinga ni nyepesi, mfuko una kitu, basi wanapanda na kurudi bega kwa bega wakipiga soga kama watu wa lami. Nafasi waliyoitunza wakati wa kuja imesahaulika. Gurudumu linagusa gurudumu, na aliyekuwa akisimulia jinsi alivyomkatalia mnunuzi bei ya kwanza anaimalizia hadithi yake akiwa kwenye majani, kinga ikiwa juu yake, huku wa nyuma wakiuliza mnunuzi akasemaje.