Nne kwa Sita Yenye Magurudumu: Mwongozo wa Kujijengea Tela la Kambi

Kazi ya kwanza si kununua mbao. Ni kutunga maelezo ya kumpa shangazi aliyeko Morogoro, yule aliyechangia nauli yako ya kwenda Marekani, na ambaye amekwisha kuwatangazia watu wa jumuiya kwamba mtoto wa kaka yake ana nyumba ya vyumba vitatu huko Minnesota na gari linalala ndani. Jumapili moja atapiga simu ya video, na nyuma ya bega lako ataona kijumba cha mbao chenye mgongo wa mviringo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hicho nini nyuma yako, baba? Banda la kuku?"

"Ni tela, shangazi. La kulala tukienda kupiga kambi."

"Kwani nyumba imeungua?"

"Hapana, shangazi. Tunaenda porini kupumzika tu."

"Porini ndiko ulikotoka. Mbona ulikuwa hupumziki?"

Mwambie ni mradi. Hajazaliwa shangazi wa kupinga mradi. Kisha kata simu kabla hajauliza faida itaanza kuingia lini.

Sasa tuingie kazini. Unachotaka kujenga ni tela dogo lenye umbo la tone la chozi: mbele limeviringika, nyuma limeteremka taratibu. Ndani mna kitanda, basi. Jiko liko nyuma, chini ya mlango unaofunguka kwenda juu, na mpishi husimama nje, jua liwake mvua inyeshe. Choo hakuna. Nafasi ya kusimama hakuna. Suruali huvaliwa mtu amelala chali. Wamarekani walianza kujijengea vitu hivi miaka ya 1930, enzi za ukata mkubwa, kwa kufuata ramani za majarida ya ufundi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, alumini iliyokuwa ikimezwa na viwanda vya ndege ikaanza kuwafikia raia, askari wakarudi na hamu ya kuitembea nchi yao, na mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated likachapisha ramani ambayo mafundi wa gereji wangali wakiinakili. Baadaye magari yakapata injini kubwa, matela nayo yakanenepa, na hili dogo likasahaulika mpaka lilipofufuliwa na watu wa aina yako: wenye gereji, wenye wikiendi, wasioshaurika.

Elewa mapema kwamba msanifu wa tela hili si wewe. Ni shiti ya plaiwudi. Kiwandani inatoka futi nne kwa nane, na vyote vilivyobaki vinaitii. Ubavu ni shiti moja, kwa hiyo tela lina urefu wa futi nane na kimo cha futi nne. Sakafu ni shiti moja, kwa hiyo upana ni futi nne. Bati la alumini la kuezekea nalo, kwa bahati ambayo si bahati, huuzwa kwa upana wa futi nne. Utaamka alfajiri na daftari, penseli na ndoto za usanifu. Jioni utakuwa umechora shiti ya plaiwudi iliyokatwa kona.

Futi nne kwa nane, punguza unene wa kuta, toa karibu futi mbili za jiko la nyuma: kinachobaki ni kipimo ambacho kila mtu wa Dar es Salaam anakijua bila futikamba. Nne kwa sita. Kitanda cha kapera. Ndicho ulichoanzia maisha kwenye chumba cha kupanga kule Mbagala, ukakiuza kwa vigelegele siku ulipomudu sita kwa sita. Umevuka bahari, umesoma usiku, umezoea theluji, na sasa unajenga kwa mikono yako mwenyewe chombo cha kukurudisha pale pale, safari hii kwa dola.

Hapo ndipo mke anapoingia kwenye ramani, na ni vizuri aingie kabla ya msumeno. Kata maboksi kwa kipimo hicho, yatandike sakafuni gerejini, mlale wote wawili kwa nusu saa bila kugusia ada za watoto. Mkiinuka bado mnasalimiana, endelea. Mkiona pamebana, wapo waliopanua hadi futi tano ili godoro la Kimarekani wanaloliita la malkia liingie. Lakini plaiwudi hulipiza kisasi. Sakafu itahitaji kiungo, bati la futi nne halitatosha, na kila shiti itakuachia kipande cha kuegemeza ukutani kwa sababu "kitafaa baadaye". Vipande hivyo havijawahi kufaa baadaye. Vinazaliana tu.

Fremu ya chini usijitie kuichomelea kama hujawahi kushika mashine ya kuchomelea. Maduka ya vifaa Marekani huuza tela dogo la kuunga kwa bolti, futi nne kwa nane, kama ulivyokwisha kukisia, na wajenzi wengi huanzia hapo. Lina kibati kinachotaja uzito linaoweza kubeba. Kisome, kisha ukiamini. Wengi husoma.

Kuhusu ratiba: Minnesota ina miezi ya kujenga na miezi ya kusafiri, na ni miezi ile ile. Julai ndipo gundi ya epoksi inaposhika upesi, na Julai ndipo maziwa yanapokuita. Januari una wikiendi tele, lakini gereji iko chini ya sifuri, na epoksi nyingi chini ya nyuzi 10 hivi hugoma kukauka. Utaikuta asubuhi ikinata kama ulivyoiacha jana. Utanunua hita. Hita italeta bili. Bili itafunguliwa na mwenzako. Na ikiwa hita yenyewe ni ya moto wazi, usiiwashe penye mvuke wa vanishi na rangi. Shangazi alikwisha kuuliza kama nyumba imeungua, usimpe jibu jipya.

Paa ni kiburi cha fundi. Plaiwudi nyembamba ya milimita tatu inakubali kupinda, lakini upande mmoja tu, kutegemea mwelekeo wa nyuzi zake. Ukiilazimisha upande mwingine utasikia mlio utakaomtoa jirani ndani akiwa na simu mkononi. Ielekeze inakotaka, iloweshe kwa maji ya moto, ifunge kwa mikanda juu ya mbavu za paa, ukalale. Mlango wa jiko ni kesi nyingine. Nao umepinda, lakini hauna ubavu wa kuushikilia, kwa hiyo ukishautoa kwenye umbo lake hutamani kunyooka. Utaupima leo ukakaa sawasawa. Jumamosi ijayo utakuta umeachama kwa chini, upana wa kidole. Ujenge mzito, wenye mbavu za kutosha, na uupinde kupita kiasi kidogo, maana utarudi.

Mlango huo huo ndio mlango wa maji. Bawaba yake iko juu kabisa, mahali ambapo mvua yote iliyonyesha kwenye paa inapitia ikishuka. Kila rafiki atakayekutembelea ataleta chupa ya silikoni na ushauri. Mkaribishe chai, ushauri usikilize, chupa afunge aondoke nayo. Silikoni ikishagusa mbao, rangi haishiki tena hapo, na hata silikoni mpya haishiki juu ya ile kuukuu. Siku ya kuvuja utakwangua kwa kisu na kwa sala. Waliokwisha kuloa hutumia utepe wa butili chini ya fremu za madirisha na kingo za bati, kwa sababu haukauki ukapasuka. Kabla ya yote huinywesha plaiwudi vanishi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini, hasa kwenye kingo, ambazo hunywa kuliko harusi nzima. Rudia mpaka ikatae. Asiyetaka gharama ya alumini anaweza kulivika tela lote turubai la pamba kwa gundi ya mbao isiyoogopa maji, kisha rangi ya nje tabaka kwa tabaka. Linapendeza, na mama mkwe atadhani umelishonea nguo.

Hapa mzaha unakaa pembeni kwa aya moja. Tela linalovutwa barabarani linatakiwa libonyeze tufe la chuma lililo nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Tela la kilo 500, basi, liweke hapo kilo 50 hadi 75. Ukipunguza, mkia huanza kuyumba kwenye mwendo wa barabara kuu, na kuyumba huko hukua kwenyewe mpaka gari nalo lifuate. Sasa kumbuka jiko liko wapi: nyuma. Maji nyuma, mtungi wa gesi nyuma, sufuria za bibi harusi nyuma. Kwa hiyo betri na sanduku la vifaa vipeleke mbele, ekseli isogee nyuma ya nusu ya tela, kisha upime kwa mzani wa bafuni chini ya mkono wa kuvutia, tela likiwa limepakiwa kama la safari. Hakikisha tufe na kikombe chake ni vya kipimo kimoja. Kikombe cha inchi 2 hukaa vizuri juu ya tufe la inchi 1 na 7/8, mpaka kwenye tuta la kwanza. Minyororo ya usalama ipishanishwe chini ya mkono, ili ukichomoka udakwe usichimbe lami. Aya imekwisha. Rudisha mzani bafuni kabla haujatafutwa.

Ndani, usisifiwe kwa kuziba kila tundu. Watu wawili wakilala kwenye kisanduku kisichopitisha hewa, pumzi zao hugeuka maji darini, na alfajiri inawanyeshea mvua waliyoitengeneza wenyewe. Feni ndogo ya volti 12 juu, tundu lenye wavu chini, hewa ipite. Jiko la gesi na la mkaa hayalali na watu, hata usiku ukiwa wa baridi kiasi gani. Aliyekulia nyumba za kupikia mkaa hahitaji kuelezwa zaidi. Wavu nao uwe wa matundu madogo. Ulidhani uliagana na mbu Kilombero. Wa Minnesota hawana malaria, lakini hawana aibu pia, na wanakuja na ukoo.

Kwa chakula, kaskazini mwa jimbo hilo kuna dubu weusi. Mmarekani huwapikia soseji zisizo na harufu ya maana. Wewe unakuja na pilau: bizari nzima, iliki, mdalasini, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyekundu, na jiko lako halina ukuta. Pika mchana, osha sufuria siku hiyo hiyo, taka peleka kwenye mapipa ya kambi yenye vifuniko, na usiku usiache ukoko nje kwa ajili ya kifungua kinywa. Kitaliwa mapema.

Usajili haupendezi kuandikiwa. Kila jimbo lina sheria zake kwa tela la kutengenezwa nyumbani. Ulizia kabla ya kukata shiti ya kwanza, tunza risiti. Risiti hizo zitunze kwenye sanduku lenye kufuli. Si kwa sababu ya serikali.

Safari ya kwanza iwe uani kwako. Mlale usiku mmoja pale pale, hatua kumi kutoka kwenye choo chenu, ili mjue kinachokosekana. Kitakosekana choo. Baada ya hapo nenda Duluth, kama kilomita 250 kutoka Minneapolis, kisha ushike barabara ya 61 kandokando ya Ziwa Superior mpaka maporomoko ya Gooseberry. Ni ziwa linaloficha ng'ambo yake kama bahari, ila maji yake ya Agosti ni ya kutazama zaidi kuliko kuogelea. Kambini utatakiwa kurudi kinyumenyume. Tela fupi hukata kona haraka kuliko refu, na usukani ukienda kulia lenyewe linakwenda kushoto, tena kwa hasira. Watu watatoa viti vyao watazame, maana kambi haina televisheni. Mwenzako atashuka kukuelekeza kwa mikono. Msikubaliane ishara mapema. Mtakosa la kuzungumza njiani.

Na ujiandae kwa wageni. Kwenye kila kituo cha mafuta mzee fulani atakuja akizunguka, atabisha ukuta kwa kidole, ataomba kuchungulia jikoni, atasimulia la babake la mwaka fulani. Mfungulie, hiyo ndiyo kodi ya tela la chozi. Mwishoni atauliza limekugharimu kiasi gani. Geuka kwanza uone mke yuko wapi. Akiwa dukani, sema ukweli. Akiwa karibu, taja bei ya matairi.