Ufunguo wa Paa Anao Nani?

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na Wakorea. Simu ninayotumia ni ya kwao, na tangu mwanangu aninunulie haijanisumbua. Ugomvi wangu ni na shule zao, zile za kwenye tamthilia, na ni ugomvi wa kikazi. Mimi ni matroni mstaafu. Nimelea mabweni ya wasichana huku milimani Usambara tangu enzi za taa za chemli hadi enzi za simu kufichwa ndani ya mkate uliochimbwa katikati. Serikali inaweza kukustaafisha mshahara lakini macho haikustaafishi. Niwekee wanafunzi mbele yangu, hata wawe Seoul, nitawahesabu.

Na wajukuu zangu wameamua nihesabu. Ikifika Juni hapa Lushoto, ukungu unateremka kutoka Magamba mapema, na saa kumi na mbili jioni kila mtu yuko ndani na blanketi mabegani, jiko la mkaa liko mlangoni, na runinga imeshachomekwa flashi. Flashi hiyo inajazwa na kijana wa duka la muvi karibu na stendi, ambaye swali lake ni moja tu: za mapigano au za shule? Wangu huchukua za shule. Watoto wametoka bweni juzi, madaftari hata hayajafunguliwa, wanakaa kutazama wanafunzi wengine wakisoma. Ningesema wakisoma, lakini nimekodoa macho jioni nyingi sijaona mtu akisoma.

Nilichokiona ni paa.

Kila shule ya Kikorea ina paa bapa, na mlango wa kuelekea huko haufungwi. Mtoto akitaka kulia anapanda paani. Akitaka kupigana, paani. Akitaka kumwambia mwenzake kwamba anampenda, anamwandikia ujumbe wakutane paani, na anamkuta amesimama ukingoni kabisa, upepo unampeperusha tai. Jioni ya kwanza niliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye dhamana ya watoto angeuliza: ufunguo wa hilo paa anao nani? Mjukuu mkubwa akanijibu, "Bibi, angalia tu." Nimeangalia tu. Jengo la ghorofa kadhaa, mamia ya watoto, mlango wazi, mwalimu wa zamu haonekani. Kwetu mkuu wa shule angekuwa ameshaandikiwa barua ya kujieleza kabla ya chai ya saa nne.

Halafu wakaniwekea Boys Over Flowers, ile ya mwaka 2009 yenye sehemu 25, ambayo mama yao, mkwe wangu, aliiona kwenye CD akiwa msichana na bado anaimba muziki wake akifua. Inaanzaje? Binti anayeitwa Jan-di, mtoto wa dobi, anapeleka sare iliyofuliwa kwenye shule ya watoto wa matajiri. Anafika, anamkuta mwenye sare anataka kujirusha. Kutoka wapi? Sikusema neno. Niliwatazama tu wajukuu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakainamisha vichwa.

Jan-di anamdaka yule mvulana, anakuwa shujaa, anapewa nafasi ya kusoma palepale. Kumbe shule inatawaliwa na vijana wanne, wazuri wa sura, matajiri kupindukia, hawavai hata sare. Wakikuchukia wanakuwekea kadi nyekundu kwenye kabati lako, na kuanzia hapo shule nzima ina ruhusa ya kukutesa. Jan-di alipata kadi yake, akarushiwa mayai, akamwagiwa unga. Mayai na unga! Hizo ni chapati za bweni zima siku ya Pasaka. Uongozi wa shule uko wapi muda wote huo? Haupo. Mimi kadi ile ningeijua kabla ya prepu ya usiku, maana katika kila bweni kuna mtoto mmoja ambaye hawezi kulala na siri, na kazi ya matroni ni kujua kitanda chake.

La ajabu zaidi, yule kiongozi wa watesaji, Gu Jun-pyo mwenye nywele za mawimbi, ndiye anayekuja kuwa mchumba. Wajukuu wanahema. Mkwe wangu anahema. Nimewaonya wote watatu kwamba mwanamume anayeanza kwa kukurushia mayai hata akiacha ataendelea kuwa na trei ndani. Hawakunisikia, Jun-pyo alikuwa amevua koti anamfunika Jan-di.

Nywele za wanafunzi wao nazo ni kesi. Zinafika mgongoni, zinaangukia usoni, mwalimu anapita haoni. Siku za kufungua shule mimi nilikaa getini na mkasi, na hakuna binti aliyepita na kitu cha kuchana. Chumba cha wagonjwa wanacho, kina shuka nyeupe na pazia, ila nesi sijawahi kumwona. Anayelala pale anasubiri mtu aje kumtazama akiwa amelala. Changu kilikuwa na vitanda viwili, na mgonjwa wa kweli nilimtambua kwa sababu hakuuliza mchana kuna nini. Jembe hakuna. Ndoo hakuna. Ufagio wa chelewa, ambao kwetu bila huo hupokelewi, sijauona katika shule yoyote ya Kikorea, na bado korido zinang'aa. Nani anafagia?

Na mvua. Kule mvua inanyesha pale tu msichana amesahau mwavuli na mvulana anao. Inashuka wima, taratibu, na mwavuli unatosha wawili bega moja tu likilowa. Waje wajaribu huku masika, mvua inapokuja na upepo wa ubavuni, mwavuli ukageuka bakuli, na barabara ya Soni ikafunikwa na udongo ulioporomoka, watu wakalala Mombo. Hakuna aliyewahi kupata mchumba kwenye maporomoko ya udongo.

Mtafsiri naye ana lawama zake. Sauti moja ya kiume, nzito, inamsemea Jan-di, inamsemea mama mkwe, inamsemea mwalimu, na pakibaki nafasi inawasalimia jamaa zake wa Mbagala. Watoto wa matajiri wa Seoul wanasemezana Kikariakoo kitupu. Tulishaonja vizuri zaidi: mwaka 2011 TBC ilituonyesha Mao Doudou na mama wakwe zake, tamthilia ya Kichina, na wahusika walisemewa na sauti mbalimbali za Kiswahili safi. Ukishazoezwa adabu hiyo, huyu mjomba mmoja anayelia sauti ya binti wa miaka kumi na saba anakutoa machozi yasiyo yenyewe.

Kitu kimoja cha shule zao nimekivulia kitambaa, nacho ni heshima ya mtihani. Mtihani wa kuingia chuo kikuu wanauita Suneung, unafanyika Novemba. Siku hiyo ofisi nyingi zinachelewa kufunguliwa ili barabara ziwe nyeupe, polisi wanampakia kwenye pikipiki mtoto aliyechelewa, na wakati wa jaribio la kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala hazitui, kwa dakika kama 35. Nchi nzima inanyamaza ili mtoto asikie. Kidato cha nne chetu nacho hufanya mtihani Novemba, vuli ikiwa imepamba moto. Mvua ikipiga mabati ya ukumbi, msimamizi anasoma maelekezo kwa kupaza sauti kama mnadi wa mitumba, na wa nyuma anaandika namba yake ya mtihani kwa kumtazama midomo. Ndege hatuna za kusimamisha. Mabati je?

Nilidhani nimeshamaliza kazi yangu ya ukaguzi, mpaka kijana wa duka alipowajazia Reply 1988. Hii ilitengenezwa 2015, ina sehemu 20, na inahusu marafiki watano wa mtaa mmoja wa Seoul, Ssangmun-dong, walipokuwa wanafunzi mwaka huo wa 1988. Humo sikuona mtoto wa tajiri mwenye helikopta. Niliona mama anamtuma mtoto na bakuli la mboga kwa jirani, na mtoto anarudishwa na bakuli lenye kitu kingine, jambo ambalo hapa mtaani halihitaji kutafsiriwa, tofauti ni kwamba letu lina mapeasi au maharage mabichi. Niliona nyumba zinapashwa joto kwa mkaa wa kufyatua. Niliona watoto watano wamebanana kwenye chumba cha mwenzao mmoja wanakula tambi kwenye sufuria moja, na ikifika jioni akina mama wanasimama njiani wanaita kila mtu kwa jina lake aje ale. Mama wa mtaa ule anajua mwanawe yuko chumba gani na nani na tangu saa ngapi. Nilikunja miguu kwenye kiti. Hapo ndipo penye malezi.

Isipokuwa usiku mmoja. Gesi ya mkaa inavuja, baba na mama wanakurupuka, wanamkokota nje binti mkubwa, wanamkokota kijana mdogo, na wa katikati, Deok-sun, wanamsahau amelala ndani. Hawakuhesabu! Kwa nini mnadhani tuliwaamsha watoto usiku wa manane wakaitika namba wakiwa na shuka? Mkwe wangu, ambaye ni wa nne kati ya saba, alijifuta macho kwa ncha ya khanga akasingizia moshi wa jiko. Jiko la mkaa lililokolea halina moshi.

Sasa sikilizeni kilichonitoa kwenye kiti. Mwaka huo wa 1988 ndio Olimpiki ilikuwa Seoul, na Deok-sun amechaguliwa kubeba bango la nchi siku ya ufunguzi. Amefanya mazoezi ya kubeba bango la Madagaska. Madagaska ikasusia michezo, na ilisusia kweli, si maigizo. Binti akalia mpaka akavimba. Siku ya siku, familia nzima iko mbele ya runinga, anatokea amevaa amependeza, ameshika bango la nchi nyingine. La nani? La Uganda.

Nikasimama na blanketi langu. Uganda! Na sisi? Sisi tulikuwepo! Mwaka ule nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza kazi, na siku ya mwisho ya michezo, Jumapili tarehe 2 Oktoba, Juma Ikangaa wetu alikimbia marathoni akamaliza wa saba duniani. Nafasi ya saba, kati ya watu waliotoka kila pembe ya dunia, na hakupata hata bango la kwenye maigizo. Wakenya siwasemi, walirudi na dhahabu tano, na Wakiihuri alichukua fedha kwenye marathoni hiyohiyo. Mjukuu mdogo akanituliza: "Bibi, wameigiza tu." Nikamwambia kuigiza wameigiza, lakini Uganda wamepita.

Usiku ule usingizi ulinikataa, nikalipiga hesabu jambo hili lote. Wakorea wana maisha ya wanafunzi kwenye runinga mpaka wanatuuzia sisi. Wakenya walikuwa na Tahidi High yao pale Citizen TV, shule nzima kila wiki, na watoto wetu wa Tanga walikuwa wanainasa. Uganda ina Deok-sun. Mtanzania akiwasha tamthilia ya nyumbani, iwe Huba iwe Jua Kali, anakutana na sebule za Dar es Salaam, makochi, wake wenza na urithi. Mwanafunzi akitokea ni wa kupita na begi kuelekea mlangoni.

Wakati malighafi imejaa huku mpaka inamwagika. Mtoto wa Dar anateremka Mombo, joto la tambarare linamchoma, trunka lake liko juu ya keria; kilomita thelathini na kitu za kona baadaye yuko Lushoto anatetemeka na kiblauzi, na usiku wa kwanza anaomba kulala kitanda kimoja na binti wa Mlalo ambaye hamjui hata jina. Urafiki huo nimeuona ukidumu mpaka kwenye harusi za watoto wao. Kuna aliyebeba adhabu ya mwenzie akang'oa kisiki mchana kutwa akikataa kutaja jina, na mimi jina nilikuwa nalijua. Kuna barua zilizonyunyiziwa marashi, nilizokamata nikazisoma zote, nikazirudisha nyingine chini ya godoro kwa sababu zilikuwa zimeandikwa vizuri. Wakitaka mapenzi ya watu wazima kidogo, hapa mjini tuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Hebu fikiria mahaba ya makarani wa mahakama watarajiwa, kila kitu kwa maandishi na mashahidi wawili.

Kwa hiyo watayarishaji wa Dar es Salaam, hili ni ombi rasmi. Njooni mwezi wa Juni, ukungu ni wa bure na unatokea bila kuitwa. Masweta mje nayo, nauli ya kutoka Mombo mjilipie wenyewe. Na tafadhali, nafasi ya matroni msimpe msichana wa miaka ishirini na tano mliyempaka unga kichwani ili aonekane mzee. Mimi nipo, na sina ajira.