Fadhila za Leseni ya Waingereza

Wako waliousifu mnazi, wako waliousifu wali, na wako waliothubutu kuusifu hata usingizi. Lakini mtihani wa udereva, ule ambao dola ya Uingereza humlazimu mgeni aufanye baada ya kukaa kwao mwaka mzima, haujapata bado mtu wa kuushikia kalamu ila kwa matusi. Mtihani hauna ulimi wa kujitetea, na walioufanya aghalabu hutoka humo na ghadhabu isiyowaachia nafasi ya insafu. Kwa hiyo naomba idhini ya kuwa wakili wake.

Kanuni yenyewe ni sahali kufahamika. Mtanzania au Mkenya anayehamia Uingereza, awe amefikia London, Leicester au Reading, anayo ruhusa ya kuendesha gari kwa leseni ya kwao kwa muda wa miezi 12, na katika muda huo sheria humhesabu kuwa dereva kamili, wa kuaminiwa barabarani peke yake usiku na mchana. Miezi hiyo ikitimia, ingawa hakugonga mtu, hakuugua macho wala hakusahau gia ziko wapi, huamka asubuhi akiwa mwanafunzi. Hana budi kuomba leseni ya muda, ambayo ni kadi ya kijani, abandike mbele na nyuma ya gari ile herufi L nyekundu, wala asishike usukani mpaka ubavuni pake aketi mtu aliyetimiza umri wa miaka 21 na mwenye leseni kamili kwa miaka isiyopungua 3. Matajiri wa dunia hii humimina mali kwa matabibu wawarudishie ujana wasiupate, ilhali hapa mtu wa makamo, aliyepata kuendesha lori la mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, hurudishiwa ujana wake kwa pauni 34 za maombi.

Aghalabu msimamizi anayepatikana bila malipo ni mpwa aliyezaliwa huko huko, kijana ambaye asubuhi humwamkia mzee huyu, "Shikamoo, mjomba," kwa unyenyekevu wote, na nusu saa baadaye, akiisha kufunga mkanda na kuvaa uso wa kadhi, humwambia, "Mjomba, kioo. Mjomba, hukutazama kioo." Ni wapi pengine, katika ugeni wote, vijana wetu hupewa fursa ya kuwarudi wakubwa wao bila kuvunja heshima?

Wapenda lawama husema sheria ina upendeleo, kwa kuwa mtu wa Monaco, nchi isiyotimiza maili moja ya mraba, na mtu wa Korea Kusini, ambao wote wawili wamezoea kuendesha upande wa kulia, hubadilishiwa leseni zao bila kutahiniwa upya, ilhali sisi tunaoendesha kushoto, kama tulivyoachiwa na Waingereza wenyewe, hatumo katika orodha hiyo. Mimi naona kinyume chake. Kumpa mtu kadi mkononi bila hata kumtazama anavyogeuza shingo ni dalili ya kutomjali. Sisi tumetukuzwa kwa uangalifu wa ofisa wa serikali. Wala Waingereza hawakujisahau: mtihani ulikuwa lazima kwao tangu tarehe 1 Juni 1935, katika siku za waziri Leslie Hore-Belisha, ila waliokuwa wameanza kuendesha kabla ya Aprili 1934 walisamehewa, wakahesabiwa kuwa wamekwisha kujua. Uzoefu, basi, ulipata kukubaliwa katika nchi ile. Sisi tulichelewa tu kufika.

Kabla ya barabara kuna mtihani wa maarifa: maswali 50, na apataye 43 amevuka. Hayo ni ya kukariri, hayana utamu. Utamu umo katika filamu 14 fupi zinazofuata, ambamo mtahiniwa hubonyeza kitufe kila aonapo hatari inaanza kukua. Akichelewa hapati kitu. Lakini akiwahi mno pia hapati kitu. Fikiri basi hali ya dereva aliyekulia Kariakoo, ambaye huiona hatari katika kila mkokoteni, kila mlango wa gari na kila mtoto aliyeshika mpira mwisho wa mtaa: yeye huitambua ingali nia tu moyoni mwa mwenye kuitenda, na kwa welekevu huo huambulia sifuri. Wengi huuita uonevu. Mimi nauita tiba, kwa maana mtu huyo hakupata kupumzika tangu alipojua usukani, na sasa serikali inamwamuru astarehe mpaka hatari ijitokeze vizuri.

Mtihani wa barabarani huchukua dakika 40 hivi. Makosa madogo huvumiliwa hadi 15, lakini kosa kubwa moja latosha kumwangusha mtu. Humo mgeni hujifunza kuwa kutazama kioo hakutoshi, sharti aonekane ametazama, na shingo iliyokuwa imetulia kama ya sultani hupata mazoezi iliyoyakosa tangu utotoni. Honi, ambayo kwetu ni salamu, shukrani, karipio na tangazo la kuwa basi lina nafasi, katika makazi ya watu yakatazwa tangu saa tano na nusu usiku mpaka saa moja asubuhi. Kumpungia bibi kizee mkono avuke ni jamala iliyokatazwa na kitabu cha kanuni za barabara. Na kungoja kwa adabu kwenye kiplefti mpaka kila mtu apite huweza kuandikwa kuwa ni kosa la kusitasita.

Lakini fadhila iliyo kuu sijaitaja. Katika ofisi nyingi za ugenini, mgeni akinyimwa kitu hubaki akijiuliza kama amenyimwa kwa ajili ya jina lake, lafudhi yake au rangi yake, na shaka hiyo humla kuliko kunyimwa kwenyewe. Wanaofaulu mtihani wa barabarani ni chini ya nusu ya wanaoufanya, na kati ya wanaoanguka wamo Waingereza tele ambao wahenga wao wamezikwa huko. Wote hungoja miezi kupata tarehe, wote hulipa pauni 62 zile zile za siku ya kazi, na wote huambiwa kwa sauti ile ile, isiyopanda wala kushuka, kwamba wamekosa. Nimewasikia watu wa taifa hilo, wasiopenda kusema na mgeni hata katika kituo cha basi, wakimfungulia mioyo yao kuhusu mtahini aliyewaangusha kwa sababu ya gurudumu lililopanda ukingo wa njia.

Mwenye kufaulu hupewa kadi ya waridi na haki ya kuendesha mpaka afike umri wa miaka 70, mradi abadilishe picha kila baada ya miaka 10. Akirudi nyumbani likizo, husimama kwenye kivuko cha pundamilia hali daladala zinamlilia nyuma, akawangoja watembea kwa miguu ambao, kwa kutozoea kungojwa, nao humngoja yeye. Ndugu zake hunong'onezana katika kiti cha nyuma kwamba Ulaya imemharibu, amesahau kuendesha. Na kama kuna harusi ya kuwahi, humwomba kwa upole ampishe kijana wa jirani, asiye na leseni ya nchi yoyote, ashike usukani.